Mzizi wa Neno Si Hakimu wa Maana Yake

Iko imani moja iliyoenea madarasani na majukwaani, nayo hupewa heshima isiyoistahili. Imani hiyo husema kwamba atakaye kuijua maana ya kweli ya neno la Kiingereza sharti aende Roma akaulize mzizi wake wa Kilatini. Mwanafunzi husimama katika mjadala, na mahali pa kuthibitisha hoja yake hutaja mzizi. Mara wapinzani wake hunyamaza, kama kwamba shahidi amefufuka kaburini kutoa ushahidi usiopingika. Mwalimu hukata mabishano kwa njia iyo hiyo. Msemaji wa mahafali hujenga falsafa nzima juu ya silabi mbili za Kilatini. Makofi hupigwa, wala hakuna aulizaye kama lililosemwa ni kweli.

Imani hii ni ya kale. Jina lenyewe la elimu ya asili za maneno, yaani etimolojia, limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "kweli". Kwani wahenga wa Uyunani walidhani kwamba afikaye kwenye asili ya neno amefika kwenye ukweli wa kitu. Lakini kosa haligeuki kuwa kweli kwa sababu ya uzee wake. Asili ya neno ni habari ya lilikotoka. Maana yake ni kazi linayoifanya vinywani mwa watu walitumialo. Habari ya kwanza ni ya historia, ya pili ni ya matumizi, na mtu azichanganyaye hupotea katika zote mbili.

Haki na itangulie lawama. Kilatini kiliingia katika Kiingereza kwa milango mingi. Wamisionari walioongozwa na Augustino waliwasili Kent mwaka 597 na vitabu vyao; Wanormani walioshinda vita mwaka 1066 walileta Kifaransa, ambacho ni mwana wa Kilatini; na wasomi wa karne ya 16 walirudi kisimani wakachota tena kwa ndoo zao wenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya msamiati wa Kiingereza ina koo, na koo hizo zafaa kujulikana. Chukua mathalan kitenzi "ducere", ambacho maana yake ni kuongoza. Humo Kiingereza kimepata "conduct", kuongoza, "introduce", kumjulisha mtu kwa mtu, "produce", kuzalisha, "reduce", kupunguza, "deduce", kufikia hitimisho kwa kufuata hoja, "aqueduct", mfereji upelekao maji, na "duke", cheo cha kikabaila kilichotokana na "dux", kiongozi. Mwanafunzi auonaye undugu huu hukumbuka maneno kwa wepesi na huandika herufi zake sawasawa. Faida hizo hazikanushwi na mtu mwenye akili.

Walakini ukoo huo una watoto wengine. "Seduce" ni kumpotosha mtu kwa ushawishi, hasa katika tamaa za mwili. "Abduct" ni kumteka mtu nyara. Mzizi ni ule ule mmoja; ila huyu humwongoza mgeni kuingia sebuleni, na yule humwongoza mtoto wa watu kwenda porini. Lau mzizi ungekuwa hakimu wa maana, mteka nyara angejitetea mahakamani kwamba kosa lake ni kuongoza tu. Neno hufanywa na mzizi, na kiambishi, na mamia ya miaka ya kutumiwa. Na katika hivyo vitatu, cha tatu ndicho chenye kauli ya mwisho. "Reduce", kwa viungo vyake, ni kurudisha nyuma. Lakini mwenye duka apunguzaye bei hairudishi popote.

Katika ukoo huu ndimo lilimozaliwa kosa lipendwalo kuliko yote. Husemwa kwamba "educate" latokana na "educere", kutoa nje. Kwa hiyo kuelimisha, kwa maana yake ya kweli, si kumtia mtoto maarifa bali ni kuyatoa nje yale yaliyomo ndani yake tangu kuzaliwa. Basi mwalimu awafundishaye watoto jedwali la kuzidisha huambiwa kwamba amelisaliti neno. Mitaala husifiwa au huhukumiwa kwa kipimo hicho, na vijana wanaojiandaa kuwa walimu hukiandika katika madaftari yao kama kanuni ya hesabu.

Kwanza, habari yenyewe haiko sawa. "Educate" limetokana na "educare", kitenzi kingine, chenye maana ya kulea, kulisha na kukuza. Warumi walikitumia kwa watoto, na kwa wanyama, na hata kwa mimea. Ni kweli kwamba vitenzi hivyo viwili ni ndugu, na kwamba waandishi wa Roma mara nyingine walikitumia "educere" kwa maana ya kulea. Lakini neno la Kiingereza lililotokana na "educere" lipo, nalo ni "educe", ambalo wachache hulijua na wachache zaidi hulitumia. Varro, mwanachuoni wa Roma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliyatenga matendo hayo kwa namna iliyo wazi: kutoa nje alimpa mkunga, kulea alimpa yaya, na kufundisha akampa mwalimu. Kwa hiyo msemaji wa mahafali anaposema kwamba kazi ya mwalimu ni "educere", bila kujua amempeleka mwalimu katika chumba cha kuzalia.

Hapa mpinzani mwepesi angeshangilia na kusema: Basi imethibitika kwamba elimu ni malezi, kwa kuwa Kilatini kimesema hivyo. Angefanya hivyo, angeanguka katika shimo lile lile alilomtoa mwenzake. Usahihi wa asili ya "educate" hauthibitishi lolote juu ya namna mtoto apaswavyo kufundishwa. Pengine ni kweli kwamba mtoto ana mengi ndani yake yangojayo kutolewa. Pengine ni kweli kwamba anahitaji kujazwa asiyokuwa nayo. Pengine yote mawili yana wakati wake. Swali hilo hujibiwa na waliowaona watoto wakijifunza na wakishindwa, na waliopima njia moja kwa nyingine. Jambo lenye uzito kama hilo likikatwa kwa ushahidi wa viambishi, waumiao ni watoto, nao hawakuulizwa.

Hebu msomaji autazame mfano wa pili, wa ndugu walioachana njiani. Neno la Kilatini "potio" lilikuwa na maana ya kinywaji. Liliingia katika Kiingereza kwa njia mbili na likawa maneno mawili: "potion", kinywaji cha dawa au cha uganga, na "poison", sumu. Mama ni mmoja, na maziwa ni yale yale; lakini auziaye watu dawa akitegemea mzizi kuwatenganisha watoto hawa ataonana na polisi. Vivyo hivyo "regalis", maana yake ya kifalme, limezaa "royal" kwa njia ya Kifaransa na "regal" kwa njia ya vitabu. La kwanza husemwa kwa mambo yaliyo ya mfalme, la pili aghalabu kwa mwenendo na sura iliyo kama ya mfalme. Neno hilo hilo lilipita Hispania likawa jina la sarafu, na sarafu ikalichukua jina lake baharini hata likafika Omani na Unguja kuwa riali. Mtu alipaye riali sokoni Maskati hanunui ufalme.

Mfano wa tatu ni mkubwa zaidi, kwani unawahusu maadui na marafiki. Kilatini kilikuwa na "hospes", mwenyeji au mgeni wa kukaribishwa, na "hostis", ambalo hapo kale lilikuwa mtu wa nchi nyingine, kisha likawa adui. Wanavyuoni hukubaliana kwamba maneno haya mawili yana asili moja ya kale sana, na kwamba "guest" la Kiingereza, yaani mgeni, ni jamaa yao. Kutoka "hospes" yametoka "hospital", "hostel" na "hotel", ambayo Kiswahili nacho kimeyapokea: mwanafunzi hulala hosteli, hula hotelini, na akiugua hupelekwa hospitali, mara tatu kwa siku moja akiwa mikononi mwa neno moja la Kilatini. Kutoka "hostis" limetoka "hostile", lenye uadui. Na neno "host" la Kiingereza lenyewe ni maneno matatu yaliyovaa kanzu moja: mwenyeji, kutoka "hospes", jeshi, kutoka "hostis", na mkate mtakatifu wa ibada ya Wakristo, kutoka "hostia", sadaka. Msomaji akutanapo na "host" katika kitabu, ni kipi kimwambiacho kama amepata chakula, au vita, au ibada? Mzizi hauwezi, kwa kuwa ndio wenyewe unaotafutwa. Ni sentensi iamuayo.

Watetezi wa mizizi wakibanwa hapa hukimbilia ngome nyingine. Husema: Maneno yamepotoka kwa ujinga wa wasemaji, na wajibu wa msomi ni kuyarudisha. Hukasirika hasa kwa neno "decimate". Katika jeshi la Roma adhabu hiyo ilikuwa ni kuua askari mmoja katika kila kumi wa kikosi kilichoasi au kilichokimbia vita; leo Waingereza hulitumia kwa maangamizi ya sehemu kubwa ya watu au vitu, na wenye ghadhabu huambia ulimwengu kwamba wamekosea. Basi na wawe waaminifu kwa sheria yao. Waache kuuita mwezi wa 12 "December", kwa kuwa "decem" ni kumi. Na waache "October", kwa kuwa "octo" ni nane. Waache kusema "manufacture" kwa kiwanda cha mitambo, kwa kuwa "manus" ni mkono. Wamkataze mtu asiyevaa joho jeupe kuitwa "candidate", kwa kuwa "candidatus" alikuwa mwombaji wa cheo aliyevaa vazi lililong'arishwa kwa chokaa. Na waombe radhi kila wanapomsifu mtu kwa "nice", kwa kuwa lilitoka katika "nescius", asiyejua, na Waingereza wa kale walilitumia kwa maana ya mpumbavu. Hawafanyi hata moja katika hayo. Huchagua neno moja la kulilinda na kuyaacha elfu, nao hawana kanuni ya uchaguzi wao isipokuwa mazoea. Na mazoea ndiyo yale yale matumizi wanayoyadharau.

Msemaji wa Kiswahili ameishi na fumbo hili bila kuumia. Hupokea barua yenye tarehe ya Oktoba, na akiulizwa ni mwezi gani, husema mwezi wa kumi. Nane imelala ndani ya jina, kumi imesimama mlangoni, na hakuna aliyekosa ahadi yake kwa ajili hiyo.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba waabudu mizizi hawakuishia kwenye maneno matupu. Wameacha alama zao katika tahajia, na kila mtoto ajifunzaye Kiingereza hulipa gharama. Neno "debt", deni, lilikopwa kutoka Kifaransa bila herufi ya b, na hakuna aliyeitamka. Katika karne za 15 na 16 wasomi walikumbuka "debitum" la Kilatini wakaichomeka b, nayo imekaa humo bubu hata leo. Ndivyo ilivyofanyiwa "doubt", shaka, kwa ajili ya "dubitare". Hayo angalau yalikuwa na nasaba ya kweli. Lakini "island", kisiwa, si la Kilatini hata kidogo. Ni neno la Kiingereza cha asili, lililoandikwa bila s. Walidhani ni jamaa wa "insula" kwa sababu "isle", lenye maana hiyo hiyo, kweli limetoka huko. Wakaitia s isiyotamkwa, na kosa likawa sheria. Na "admiral", mkuu wa manowari, ni "amiri" wa Kiarabu aliyevikwa d kwa kudhaniwa kuwa wa ukoo wa "admirabilis", wa kustaajabiwa. Kiswahili, kisemacho amiri jeshi, kimelihifadhi neno hilo karibu zaidi na asili yake kuliko wale waliojidai kulisahihisha kwa kamusi ya Kilatini.

Penye upungufu wa mizizi ya kweli, hubuniwa ya uongo. Wangapi wamefundishwa kwamba "sincere", mnyofu, latokana na "sine cera", bila nta, kwa kuwa wachongaji walaghai wa Roma waliziba nyufa za sanamu kwa nta? Hadithi ni tamu, lakini "sincerus" lilikuwa neno zima lenye maana ya safi, lisilochanganywa, na hiyo nta haina ushahidi. Wangapi wameambiwa kwamba askari wa Roma walilipwa mshahara wao kwa chumvi, na ndiyo maana ya "salary"? Ni kweli "salarium" limetokana na "sal", chumvi. Lakini kwamba askari walipokea vipande vya chumvi badala ya fedha, hakuna mwandishi wa kale asemaye hivyo. Hadithi hizi huishi kwa kuwa zina funzo la kupendeza, na pendo la mafunzo ya kupendeza ni adui wa uchunguzi.

Pengine itasemwa kwamba haya yote ni mchezo wa wasomi na hayamdhuru mtu. Yanadhuru. Kutoka "scribere", kuandika, Kiingereza kina "prescribe" na "proscribe". Daktari humwandikia mgonjwa dawa: hiyo ni ya kwanza. Serikali hupiga chama marufuku: hiyo ni ya pili, na nyuma yake iko orodha aliyoibandika Sulla mjini Roma mwaka 82 kabla ya Kristo, ambayo kila aliyeandikwa humo aliweza kuuawa bila hukumu na mali yake kutwaliwa. Mzizi mmoja huamuru na hukataza. Tena liko "sanction", kutoka "sancire", kuthibitisha kwa kiapo au kwa sheria. Kwa Kiingereza cha leo neno hilo moja ni idhini, na ni adhabu. Mwaka 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliuwekea utawala wa walowezi wa Rhodesia "sanctions", yaani vikwazo. Mfasiri ambaye angefuata mzizi angaliweza kuwaambia wasomaji wake kwamba utawala ule umepewa idhini. Katika mkataba, katika hukumu, katika karatasi ya dawa, kosa la namna hiyo hulipwa na mtu ambaye hakulifanya.

Na hatari imekaribia nyumbani, kwa kuwa desturi ya kuhukumu kwa mizizi huambukiza. Kiswahili nacho kina koo zake. "Uhuru", "hari" ya jua, "hariri" ya nguo na "kuhariri" kitabu, yote yanarudi katika herufi tatu zile zile za Kiarabu. Je, asimame mtu aseme kwamba uhuru, kwa maana yake ya kweli, ni joto? "Gereza", kama wanavyoeleza wachunguzi wa lugha, ni "igreja" la Wareno, kanisa, nalo lilitoka kwa Kilatini "ecclesia". Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilikuwa gereza tangu 1895 hata 1958, na waliofungwa humo hawakudhani kwamba wamekuja kusali. "Shule" ya bara ilikuja na Wajerumani, na "skuli" ya Unguja ilikuja na Waingereza. Zote mbili ni wajukuu wa "schola" la Kilatini, nalo lilichukuliwa kutoka Kiyunani, ambako maana yake ilikuwa mapumziko. Mwanafunzi akamwambie hayo mwalimu wake asubuhi ya mtihani.

Ikiwa hivyo ndivyo, mtungaji wa istilahi za Kiswahili anao wajibu ulio wazi. Apatapo neno la sayansi au la sheria lenye mzizi wa Kilatini, asitafsiri maiti iliyomo ndani yake. Atafsiri kazi ifanywayo na neno lililo hai. Aulize wenye fani hulitumia kwa kitu gani, katika sentensi gani, na likipingana na neno gani. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, ilijengwa kwa njia hiyo: asili ya neno huandikwa mwanzoni mwa maelezo yake, kisha maana hutolewa moja baada ya moja, kila moja na ushahidi wa waandishi walioitumia na miaka yao. Mzizi umepewa kiti chake; haukupewa nyundo ya hakimu.

Wala haifai mizizi ifukuzwe madarasani. Ifundishwe, tena ifundishwe vizuri, lakini baada ya maana na si mahali pake. Mtoto aliyekwisha kujua "produce" na "seduce" katika sentensi atafurahi kuambiwa kwamba ni ndugu. Aliyeambiwa undugu kabla ya kuyajua atayachanganya. Na mtu yeyote asimamapo jukwaani akatangaza kwamba neno fulani, kwa Kilatini chake, lina maana fulani ya kweli, na aulizwe maswali mawili kwa adabu. Je, nasaba hiyo ni ya hakika? Na kama ni ya hakika, yathibitisha nini juu ya jambo linalojadiliwa? Swali la kwanza litawanyamazisha wengi. La pili litawanyamazisha waliobaki, na hapo mjadala wenyewe utaweza kuanza.